Jezi tumepata, meno je?

Leo nataka tuzungumze kuhusu meno. Ndiyo, meno. Si ufisadi, si Simba na Yanga, si bei ya korosho. Najua kuna watakaosema huyu mwandishi kaishiwa habari. Vumilieni kidogo, mtaona ninakoelekea.

Kila msimu wa ndondo huku pwani ya kusini, kuanzia Somanga, Kivinje na Kilwa Masoko mpaka Mchinga na Lindi mjini, utaratibu ni ule ule. Anakuja mheshimiwa na msafara wake. Anakabidhi jezi seti mbili na mipira mitatu. Bingwa anaahidiwa mbuzi, na kama uchaguzi unanukia basi mbuzi anageuka ng'ombe. Picha zinapigwa, nahodha anashikishwa mpira, kesho habari inatoka. Habari za namna hiyo nimeziandika nyingi mpaka naweza kuziandika nimefumba macho. Lakini mpaka leo sijaandika habari hata moja ya mheshimiwa, mfadhili, shirika au chama cha michezo kukabidhi kinga za meno kwa timu ya vijana wa Kilwa. Hata moja!

Kinga ya meno ni kile kidude cha plastiki anachovaa bondia mdomoni. Wenyewe mabondia wana jina lake la Kiingereza, mimi nitaiita kinga tu. Na hoja yangu ya leo naisema mapema ili tusipotezeane muda: kinga ya meno iliyopimwa kwa mdomo wa mvaaji si anasa ya Wazungu na wala si mambo ya mabondia peke yao. Tena kama kuna mahali Tanzania inapohitajika haraka zaidi, basi ni huku kwetu, mbali na daktari wa meno, kuliko Masaki ambako daktari yuko mtaa wa pili.

Mtaniuliza kwa nini. Nitawapa kisa.

Mwaka jana nilikuwa Kilwa Masoko natazama mechi. Kona ikapigwa, beki na mshambuliaji wakaruka pamoja, kiwiko kikafanya kazi yake. Dogo wa miaka kama 16 akaanguka, akainuka na damu mdomoni, na jino la mbele la juu halipo. Mechi ikasimama kidogo. Watoto wakalitafuta jino kwenye mchanga wakalipata. Mmoja akalifuta kwa jezi, akalisugua vizuri kabisa liwe safi. Mwingine akasema lirushwe juu ya bati kama tulivyofanya utotoni, watu wakacheka. Mwishowe likafungwa kwenye kipande cha gazeti, dogo akasukutua kwa maji ya chumvi, akakaa chini ya mwembe mpaka filimbi ya mwisho. Hospitali alikwenda kesho yake asubuhi. Jino likiwa limekauka kama punje ya mahindi.

Nilimfuata mzee mmoja wa kamati ya mashindano. Nikamwamkia, nikamuuliza kama wachezaji wana kinga yoyote ya mdomo. Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "hapa hata bandeji tunaomba."

Sasa ngoja niwaambie kilichoniuma. Lile jino lingeweza kuokolewa. Jino la ukubwani likichomoka zima na mzizi wake linaweza kurudishwa mahali pake na likashika, ila lina saa. Kwenye mzizi kuna chembe hai nyembamba ambazo ndizo zinazolishikisha tena, na zikikauka zinakufa. Likikaa kavu saa moja, matumaini yanakuwa madogo sana. Kwa hiyo unalishika kwa upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Halisuguliwi. Unalisuuza haraka kwa maziwa, unalirudisha kwenye tundu lake pale pale uwanjani, mwenyewe analiuma taratibu kwa kitambaa safi, mnaondoka kwenda kwa daktari. Kama mmeogopa kulirudisha, litumbukizeni kwenye maziwa baridi. Maziwa ya pakiti ya dukani yanatosha. Msiliweke kwenye maji ya bomba. Na jino la utoto halirudishwi, linaweza kuharibu linaloota chini yake.

Na madafu je? Mtu wa Kilwa lazima aulize. Watafiti wameyajaribu kweli, na majibu yao yanagongana kwa sababu maji ya dafu yana asidi. Kwa hiyo maziwa kwanza, dafu wanywe mashabiki.

Haya, tuseme wote tumelijua hilo. Daktari mwenyewe yuko wapi? Shirika la Afya Duniani, kwa takwimu za mwaka 2014 hadi 2019, lilihesabu madaktari wa meno 3.3 kwa kila watu 100,000 katika kanda yake ya Afrika. Hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Na hao wachache wamejazana mijini, si siri. Kwenye hospitali zetu nyingi za wilaya kazi kubwa ya chumba cha meno ni kung'oa. Si kwamba wahudumu hawajui mengine. Mgonjwa anafika jino limeshaoza au limeshakauka, na vifaa vya kufanya zaidi ya kung'oa ni vichache.

Kutoka Kilwa Masoko mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 300. Tunashukuru, Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003 na likatuondolea adha ya kivuko cha Rufiji ambayo wazee wetu wanaisimulia mpaka leo. Lakini mnakumbuka Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara pande za Somanga? Watu walikwama na mizigo yao. Jino haliwezi kungoja daraja litengenezwe. Saa moja ni saa moja.

Ndiyo maana nasema kinga inamfaa zaidi aliye mbali. Wa Masaki aking'oka jino ana njia kumi za kulirudisha au kuliziba. Wa Kivinje ana njia moja tu, nayo ni lisitoke.

Sasa hii kinga ni kitu gani hasa? Si kitu kipya. Mwaka 1890 huko London daktari wa meno aliyeitwa Woolf Krause aliwatengenezea mabondia vipande vya kuweka kwenye meno kwa kutumia utomvu mgumu wa mti unaotoka nchi za Malay. Leo bondia hapandi bila kinga, mwamuzi hamruhusu. Titus Simba aliyetuletea fedha ya Jumuiya ya Madola Edinburgh mwaka 1970, Michael Yombayomba na dhahabu yake ya Kuala Lumpur 1998, Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike na shaba zao za Birmingham 2022, hao wote wametoka kwenye mchezo ambao kulinda meno ni jambo la kawaida kabisa. Hivi mmewahi kusikia mtu akisema bondia anajidekeza? Sasa kwa nini beki wa ndondo akivaa aonekane anajidai?

Kinga ziko za aina tatu. Kuna ya dukani iliyokwisha umbwa, unavaa hivyo hivyo, inapwaya, inabidi uing'ate isidondoke, na huwezi kusema "pasi!" Hii wengi wanaitupa baada ya siku mbili. Kuna ya pili, unaitumbukiza kwenye maji ya moto ikilainika unaiuma ichukue umbo la meno yako. Hii ina nafuu na ni bora kuliko kutokuwa na kitu, ila ukiiuma vibaya inabaki nyembamba pale pale panapopigwa. Ya tatu ndiyo ninayoipigia debe, ya kupimwa. Hiyo inakaa kwenye meno yenyewe bila kung'atwa, unapumua, unaongea, unamtukana refa ukitaka.

Kama mnataka ushahidi wa namba, angalieni New Zealand. Wale ni wendawazimu wa raga kama sisi tulivyo wa soka. Mwaka 1997 wakawalazimisha vijana wa chini ya miaka 19 kuvaa kinga, mwaka 1998 wakalazimisha ngazi zote. Kule majeraha yanalipwa na mfuko wa taifa, kwa hiyo hesabu zipo. Kati ya 1995 na 2003 madai ya meno yaliyotokana na raga yalishuka kwa asilimia 43. Hawakujenga hospitali mpya. Ni plastiki mdomoni na sheria ya kuivaa.

Kinachonichekesha, au niseme kinachoniudhi, ni jinsi inavyotengenezwa. Twende pamoja hatua kwa hatua muone.

Kwanza mnachukuliwa kipimo. Daktari anachanganya unga na maji unakuwa kama uji mzito, anaujaza kwenye kijitray cha chuma au plastiki, unauma, dakika chache unaganda kama jeli, umbo la meno yako linabaki humo. Ule unga unatokana na mwani! Mwani wa kahawia wa bahari za baridi, si huu mwekundu wanaolima akina mama wa Kilwa na Songosongo, lakini ni ukoo wa mwani.

Pili, kwenye lile umbo inamiminwa plasta, ikikauka unapata sanamu ya meno yako. Plasta hiyo inatokana na nini? Jasi. Na jasi inachimbwa wapi? Makangaga, wilaya hii hii ya Kilwa! Malori yanaibeba kwenda viwanda vya saruji. Sisemi mchukue jasi ghafi shimoni mkamjaze nayo mtoto mdomoni, la hasha, inachomwa na kusafishwa kwanza. Lakini mkoa unaouza jasi kwa tani unakosa vikombe vichache vya plasta ya kupimia meno ya watoto wake? Tafakari.

Tatu, karatasi ya plastiki laini, unene wa milimita tatu au nne, inapashwa moto mpaka ilegee, halafu mashine inaivuta juu ya ile sanamu ikashika kila kona. Plastiki yenyewe ni ya familia moja na ile ya soli za raba mnazovaa. Inapoa, inakatwa pembeni, inasuguliwa, kwisha kazi. Mashine yenyewe inakaa juu ya meza, ina sehemu ya kupasha moto na pampu ya kuvuta hewa. Hakuna roketi hapo. Anayehitajika ni daktari wa kuchukua kipimo na fundi sanifu wa meno aliyefundishwa, na Muhimbili wamekuwa wakifundisha fani za meno tangu mwishoni mwa miaka ya 1970.

Ukishaipata itunze. Ioshe kwa maji baridi na mswaki, iweke kwenye kiboksi chenye matundu. Usiiache kwenye dashibodi ya gari au kwenye jua la Lindi, itajikunja kama kaukau. Na mtoto anayekua anahitaji nyingine kila baada ya muda maana mdomo wake unabadilika.

Hapo nimemaliza ya mchana. Kuna ya usiku.

Wahenga walisema meno ya mbwa hayaumani. Ya binadamu, wadau, yanaumana, tena mwenyewe akiwa amelala fofofo. Kama umewahi kulala chumba kimoja na mtu anayesaga meno utanielewa, unadhani panya wanatafuna mlango. Huku kwetu jibu liko tayari: ana minyoo. Mtoto akisaga meno anapewa dawa ya minyoo, akiendelea anaongezewa. Sipingi dawa ya minyoo, minyoo ipo na mtoto anyweshwe kwa utaratibu wa kliniki. Lakini kuwa kusaga meno ni dalili ya minyoo ni jambo ambalo halijathibitishwa. Watoto wengi husaga na wakikua huacha wenyewe. Kwa watu wazima mambo yanayohusishwa nako ni mengine: msongo wa mawazo, sigara, pombe, kahawa nyingi, baadhi ya dawa, na matatizo ya usingizi kama kukoroma hadi pumzi kukata.

Angalieni hiyo orodha kisha angalieni maisha yetu sisi vijana wa mjini. Mkopo, kodi ya nyumba ya miezi sita, bosi, deni la simu, kahawa ya saa nne usiku ili umalize kazi. Halafu unaamka taya limechoka, kichwa kinauma kwenye mapaja ya uso, chai baridi inakutekenya jino, unameza vidonge vya maumivu na kusema ni jua. Rafiki yangu mmoja wa Lindi mjini aliishi hivyo zaidi ya mwaka. Meno yake ya mbele yakawa mafupi, yamelingana kama yamepigwa msasa. Alipofika kwa daktari alidhani atang'olewa. Hakung'olewa, alipimwa na kutengenezewa kinga ya usiku Dar es Salaam, akaifuata kwa basi mara mbili. Mara ya kwanza kupimwa, mara ya pili kuvaa. Nauli ikamla.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Kinga ya usiku si ile ya michezo. Ya michezo ni laini ili inyonye pigo. Ya usiku kwa msagaji wa kweli kawaida ni ngumu, ya plastiki kama ile ya meno ya bandia, na daktari anairekebisha meno yakutane sawasawa. Ukivaa laini usiku kuna watu wanazidi kuitafuna kama bazoka. Na haikutibu, inazuia meno yasilane wakati wewe unashughulika na chanzo. Kama unakoroma mpaka mwenzako anahesabu pumzi, nenda hospitali kwanza kabla ya kununua chochote mtandaoni. Watoto nao kwa kawaida hawapewi, meno yao bado yanaota.

Najua pingamizi linakuja. Kuna msomaji anasema: "Wewe bwana, Lindi ina shida ya maji, madarasa, barabara, halafu unatuletea plastiki ya mdomoni?" Hoja yake naiheshimu. Lakini hebu tujiulize. Ile ng'ombe ya bingwa ilitoka wapi? Zile jezi? Pesa za michezo zipo, tunachobishana ni zinanunua nini. Ng'ombe analiwa siku moja. Pengo la mbele mtu anakaa nalo miaka 50.

Na pengo si mwanya. Mwanya tunausifia, tunauimbia. Pengo la kupigwa linamfanya kijana acheke kwa kuziba mdomo kwa kiganja. Yule dogo wa Masoko aliacha kucheza. Nilipomuuliza sababu alisema mama yake amemkatalia, asije akabaki kibogoyo. Sasa huyo alikuwa na kipaji au hakuwa nacho, hatutajua. Halafu tunashangaa kusini haitoi wachezaji wengi, wakati Namungo ya Ruangwa imeshatuonyesha kuwa mkoa huu unaweza kuweka timu Ligi Kuu.

Kwa hiyo napendekeza hivi, bila kumung'unya maneno.

Kwanza, mfadhili yeyote anayeandaa kombe pwani hii, badala ya ng'ombe mzima atoe mbuzi, na tofauti ya bei iende kwenye kinga za wachezaji. Hata kama ni zile za maji ya moto kwa kuanzia, si haba.

Pili, hospitali ya mkoa ya Sokoine pale Lindi iwezeshwe kwa mashine na vifaa vya kutengeneza kinga za kupimwa, za michezo na za usiku. Kipimo kikichukuliwa Kilwa, plasta ikamiminwa hapo hapo, sanamu kavu inasafiri kwa basi. Mtu halazimiki kusafiri na mdomo wake.

Tatu, UMISSETA na UMITASHUMTA. Mashindano ya taifa yamefanyika Mtwara mwaka 2019 na 2021, hapo jirani kabisa. Watoto wanakaa kambini kwa siku kadhaa kabla ya kuanza kucheza. Daktari mmoja wa meno na msaidizi wake wakiweka meza kambini wanaweza kupima timu nzima asubuhi moja.

Nne, kila mwalimu wa michezo afundishwe lile somo la maziwa. Hili halina gharama hata senti moja. Pakiti ya maziwa iwe kwenye begi la huduma ya kwanza kama ilivyo spiriti na pamba, na ikikaribia kuisha muda wake watoto wainywe, inunuliwe nyingine.

Tano, wewe unayesoma hapa na taya linakuuma kila asubuhi, acha kujipa dawa ya minyoo. Muulize unayelala naye chumba kimoja kama unasaga, kisha nenda ukaonwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa meno ni ghali kuliko wa tofali, muulizeni aliyewahi kuweka jino la bandia.

Mheshimiwa wangu, najua unasoma au kuna kijana wako anakusomea. Msimu ujao ukija na jezi nitakuja kupiga picha kama kawaida. Ila safari hii nitakuuliza swali mbele ya watu: na meno je?

Naomba kutoa hoja.